Mzunguko wa Pili

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na amenisimamia hapa mgongoni niandike hilo kwanza nisije nikasahau. Mguu wake unamsumbua asubuhi tu. Jua likishapanda anatembea hadi kwa jirani mwenye kuku na kurudi na umbea wa kututosha mchana kutwa. Bati la jikoni ulilolipigilia halijavuja hata tone. Mimi nashona. Sare za shule zimekwisha, sasa ni mapazia, na kupunguza suruali za watu waliokonda wakadhani ni ugonjwa wa suruali.

Sijakuandikia tangu mwaka uanze, najua. Usinikasirikie. Kila nikishika kalamu nakosa pa kuanzia.

Nina shida moja. Gari la marehemu baba bado liko uani chini ya turubai. Kabla polisi hawajakuchukua ulisema lisiwashwe, mkanda wake wa taimingi umechoka, ukikatika injini imekufa. Nataka kuubadilisha. Mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Niandikie namna ya kufanya tangu mwanzo hadi mwisho, kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kushika spana. Sanduku lako la vifaa lipo chini ya kitanda cha mama, nimevipangusa vyote na kuvipaka mafuta.

Mengine yapo kama yalivyo.

Mdogo wako


26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Mwambie mama nimepokea salamu zake na nimezila kabla ya uji. Huku sijambo. Wamenihamishia karakana ya useremala, tunatengeneza madawati, na mimi fundi wa magari nimegeuka mtu wa kupiga randa. Askari anayezifungua barua hizi anisamehe, sijasema ni kazi mbaya.

Nilicheka kidogo niliposoma. Wewe uliyekuwa unakimbilia ndani nikipandisha gari kwa jeki! Haya, sikiliza.

Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka, na juu yake kuna valvu zinazofunguka na kujifunga. Zinapishana kwa nafasi finyu sana. Mkanda ndio unaozipa zamu. Ukikatika, pistoni inapanda inaikuta valvu iko wazi, zinagongana, valvu zinapinda. Basi, habari yako imeishia hapo.

Toa betri. Gia uiache huru, isiwe kwenye namba yoyote. Hilo nakusihi. Pandisha upande wa kulia na uweke magogo chini, jeki usiiamini hata siku moja. Toa gurudumu. Injini uiegemeze juu ya gogo kabla hujafungua mkono unaoishikilia. Ukishatoa vifuniko utaona gia ya juu na gia ya chini, na mkanda umezizunguka. Kabla hujalegeza kitu, shika ile bolti kubwa ya gia ya chini, izungushe kwa spana upande wa mshale wa saa, mpaka alama za gia zote mbili zikae mahali pake. Zipake rangi ya kucha usije ukazipoteza. Halafu ndiyo ulegeze roli inayokaza, uvue mkanda wa zamani, uvishe mpya, na gia isisogee hata kidogo. Kaza roli. Kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili mizima. Alama zikirudi mahali pake, umemaliza. Ikigota katikati, acha hapo hapo. Usilazimishe. Bolti ya chini ni ngumu, ivalishe spana yako bomba refu ndipo utaiweza.

Sasa na mimi nikuulize. Mtaa mzima umejaa mafundi niliowafundisha kazi. Kwa nini wewe? Na hayo mengine yaliyo kama yalivyo ni yapi? Yule bwana aliyekuoa anafika hapo? Nilimvunja taya na nyonga kwa ajili yako, na miaka hii naila kwa ajili hiyo. Nina haki ya kujua kama alisikia.

Kaka yako


18 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Jirani mwenye kuku ameibiwa jogoo na anatushuku sote, akija anavuta pumzi nyingi puani kutafuta harufu ya mchuzi. Mama amepoteza meno mawili ya mbele. Alianguka. Anakusalimu, anasema sasa anatamka jina lako kwa upepo.

Mafundi uliowafundisha hawaligusi gari letu. Wote wananunua vipuri kwa shemeji yako, wengine kwa mkopo. Wa kwanza aliniambia ana kazi nyingi, naye alikuwa amelala chini ya gari akicheza karata. Wa pili alikuwa mkweli zaidi: "Dada, nikikufungulia hilo gari, kesho sipati hata plagi." Stendi nako ni watu wake watupu. Nikipanda basi na mama, hatujafika njia panda, yeye ameshajua. Mama mdogo ametuandalia chumba kule kwake. Kilichobaki ni kufika.

Mkanda nimenunua mtaa wa mbali, kwa mzee mmoja asiyenijua. Vifuniko nimefungua. Ile bolti ya chini ilinitoa machozi, lakini bomba refu limesaidia kama ulivyosema. Na nilipoziona zile gia nilielewa mara moja, kaka. Ni cherehani! Sindano ikishuka na ndoana ya chini isifike kwa wakati, uzi haunaswi, sindano inavunjika. Nimefanya kazi hiyo ya kupatanisha maisha yangu yote, ila hakuna aliyewahi kuniambia ni ufundi wa magari.

Mambo ya huyo mtu usiulize. Nakuomba jambo moja tu: huko uliko usinyanyue mkono tena. Kwa lolote. Mama hawezi kuhesabu upya miaka yako.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko. Anaandika mwenzangu wa chumba kimoja, tunamwita Mwalimu, mimi namtajia maneno. Macho yangu yamevimba kidogo kwa vumbi la mbao. Yatapona.

Mama hakuanguka. Mtu mwenye mguu mbaya akianguka huanguka kwa mkono, kwa goti, kwa ubavu. Haangukii meno. Nani amempiga mama? Niandikie jina, hata kama nalijua.

Usiendelee na gari. Ngoja nitoke. Na kama hutangoja, na najua hutangoja, basi kufuli la lango libadilishe kabla ya mkanda. Na usimwite shemeji yangu tena kwenye karatasi ninayoishika.

Kaka yako

*Dada, mimi Mwalimu naongeza mistari hii bila yeye kujua, nimemwambia naandika anwani. Si vumbi. Wiki iliyopita watu wanne walimzunguka karakanani. Mmoja wao anatoka mtaani kwenu. Walimtajia wewe na mama yako kwa maneno ambayo mimi siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Kaka yako alikuwa ameshika patasi. Sote tulirudi nyuma, tulijua mtu anakufa leo. Akaiweka mezani. Wakampiga kwa mguu wa dawati mpaka wakachoka, na yeye mikono kaiweka nyuma kama amefungwa. Jicho la kushoto daktari hana uhakika nalo. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema mdogo wake amemkataza. Nimeona ujue.*


6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama yupo, anakula, anakusalimu. Leo sina umbea wa jirani.

Barua hii najua itafunguliwa kabla haijakufika, na ifunguliwe. Niliyoyaandika hapa nimeshawaambia polisi kwa mdomo wangu, wakayaandika, nikatia sahihi. Nipo nje kwa dhamana. Mwalimu naye nimesoma aliyoandika, mpe mkono wangu.

Tuanze na meno. Mwezi wa tatu alikuja kunichukua. Anasema hivyo, "nimekuja kumchukua mke wangu," kama mtu aliyesahau mwavuli. Mama alifunga mlango na kuuegemea kwa bega. Akaupiga mlango teke, nao ukampata mama usoni. Aliivuka miguu ya mama pale sakafuni, akaingia, akaitupa cherehani yangu dirishani pamoja na kioo. Hukujua kwa sababu mama alinikataza. Alisema, "Ukimwambia mwanangu, ataua mtu kule kule ndani apate njia ya kutoka."

Jumapili iliyopita asubuhi nilikuwa nakaribia kumaliza, kaka. Mkanda mpya umeingia, roli imekazwa. Gurudumu la kulia liko nje, gari liko juu ya magogo, mimi nimechuchumaa pale penye gurudumu na bomba lako refu mkononi. Nilizungusha mzunguko wa kwanza polepole. Haikugota. Alama ya chini ilirudi mahali pake, nyekundu kwa nyekundu, ya juu ikabaki inangoja mzunguko wa pili. Mama alikuwa kizingitini anamenya viazi. Nilimwita, "Mama, njoo uone!" Akacheka na pengo lake.

Ndipo lango likapigwa. Kufuli nilikuwa nimebadilisha, bawaba sikubadilisha, ndizo alizong'oa akaingia.

Yule mzee wa mtaa wa mbali hakunijua mimi, lakini alimjua yeye. Walikutana kwa muuzaji wa jumla, wakaongea biashara, akataja mwanamke aliyenunua mkanda wa gari la zamani namna ile. Magari ya namna ile mjini hapa yanahesabika.

"Unakwenda wapi?" akauliza. Hakupaza sauti. Unamjua, hapazi.

"Toka kwetu," nikamwambia.

Mkanda wa zamani ulikuwa chini, kando ya magogo. Akauokota, akauzungushia mkononi, akanichapa nao usoni. Una meno ule mkanda, kaka. Shavu langu mpaka leo lina mistari kama kitambaa kilichopitishwa kwenye cherehani bila uzi. Akanichapa tena, ya shingoni. Mama alikuja na kile kisu cha viazi, anajikokota, na yeye akachapwa ya mikono hadi kisu kikadondoka, akachapwa ya mgongo alipoinama kukitafuta. Halafu akautupa, akasema, "Mnataka gari? Ngoja niwape gari."

Akainama juu ya injini kutoka mbele. Akapenyeza vidole nyuma ya mkanda mpya, pale unapoingia kwenye gia ya juu, akaanza kuung'oa. Aliweka mguu kwenye bampa apate nguvu.

Mimi nilikuwa bado pale chini. Spana ilikuwa bado kwenye bolti. Bomba lilikuwa mbele ya uso wangu.

Nikalivuta. Upande wa mshale wa saa.

Sauti yake sitaiandika. Vidole vilikuwa vimeingia kati ya mkanda na gia, na mkanda ulikuwa umekazwa vizuri, nilikuwa nimefuata maneno yako. Kwa mkono mwingine alipiga bodi kama anayebisha hodi. "Rudisha! Rudisha nyuma!" Nilisimamisha. Nilikuwa nimelishika bomba, sikulirudisha wala sikuliachia. Tulitazamana kupitia kwenye uwazi wa injini, yeye juu, mimi chini. Akaanza kulia. Akasema, "Nisamehe, mke wangu. Nakuapia, sitarudi hapa. Nisamehe."

Na hapo, kaka, wakati ananiomba, nikavuta tena.

Kama ni kujitetea, nilijitetea mara ya kwanza. Ile ya pili ni kitu kingine. Nilisikia mfupa kupitia kwenye bomba, mkononi mwangu, kama sindano inapovunjikia kwenye pindo nene. Nilitaka kusikia na nikasikia.

Aliyemtoa ni mama. Alikuja akichechemea, akanisukuma kwa kiuno nikaanguka kwenye mafuta, akalishika bomba kwa mikono yake iliyovimba, akaliinua kinyume mpaka vidole vikaachia. Mama, ambaye hana meno kwa sababu yake. Akavua kanga yake ya begani, akamfunga mkono, akamkalisha kwenye gogo. Kwangu hakusema hata neno moja. Nilikwenda polisi kwa miguu, na grisi hadi kwenye viwiko.

Hospitali wamemkata viwili. Cha kati na cha shahada.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika mwenyewe, kwa jicho moja, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Barua hii nimempa mwenzangu anayetoka kesho, haipiti kwa askari.

Nilipofika kwenye "nikavuta tena" nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka askari akachungulia. Nikamwambia Mwalimu, sikiliza mdogo wangu! Nikamsomea. Yeye hakucheka. Nikasoma tena peke yangu, na mara ile nikaishia hapo hapo, nikaikunja barua. Sijui nikueleze vipi. Nilijiona mimi siku yangu, nimeishika ile spana niliyompigia yule bwana, na yeye yuko chini, amekwishaanguka, amekwishanyamaza, na mimi naendelea.

Mkanda ule utupe. Mkanda ulioingia damu au mafuta meno yake hulegea, usiuonee huruma. Vua, safisha gia, anza upya kutoka kwenye alama, maana kwa purukushani ile lazima jino moja au mawili yameruka.

Sasa jambo la msingi. Nisikilize kama fundi. Injini za namna ile zina tabia. Valvu zina springi zenye nguvu, na ukiizungusha ukasimamisha mahali fulani, springi zile huweza kuisukuma ikajizungusha yenyewe. Nimeyaona hayo kazini. Hakimu akikuuliza kuhusu mara ya pili, mwambie hivyo. Mwambie ulikuwa umelishika tu, springi zikasukuma. Aite fundi yeyote aulize, atamwambia springi husukuma. Usiwe mjinga wa kusema "nilitaka". Mmoja wetu kuwa humu ndani kunatosha. Mama hana wa tatu.

Kaka yako


2 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Kesi imekwisha jana, ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Barua yako nilikuwa nayo ndani ya nguo siku ya hukumu.

Springi zinasukuma, ni kweli. Niliziona mwenyewe nilipokuwa natafuta alama. Zinasukuma kama mtoto anavyousukuma mlango. Hazivunji mfupa wa mtu, na wewe unajua hivyo kuliko hakimu yeyote.

Yeye alitangulia kuhukumiwa. Kuvunja lango, kuwachapa watu kwao, meno ya mama. Mama alipanda kizimbani akafungua kinywa, akamwonyesha hakimu pengo bila kusema, watu wakaguna. Amepewa miaka mitatu. Alipotolewa alipita karibu yangu na ule mkono ameuficha kwenye koti. Nilitegemea atanitukana. Alitazama chini.

Halafu mimi. Hakimu ni mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, ikabidi mahakama nzima itulie. Akasema mara ya kwanza anaielewa, hakuna wa kunilaumu. "Lakini ya pili? Alikuwa anakuomba. Kwa nini ulizungusha tena?"

Nililisikia neno lako ndani ya nguo likinikwaruza, kaka. Nilifungua mdomo. Mama alikuwa ananitazama, yule yule aliyelirudisha bomba.

Nikasema, "Nilitaka aumie, mheshimiwa. Nilikuwa na nafasi ya kuacha, na sikuacha."

Wakili wangu alifunga macho. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Amenipa mwaka mmoja kifungo cha nje, niripoti kituoni kila mwezi, na siku moja kila wiki nifanye usafi hospitali, ile ile waliyomkatia vidole. Wameniruhusu nitumikie kule kwa mama mdogo.

Tumefika, naandikia kwake. Mkanda nilibadilisha tena kama ulivyosema. Mizunguko miwili kwa mkono, nyekundu kwa nyekundu, kisha nikageuza ufunguo na gari la baba likawaka kama halijawahi kulala. Niliendesha njia nzima. Mama alikaa mbele, mkanda kifuani, ananikemea kwenye kila kona. Ndivyo alivyoanza kusema nami tena.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Nilidhani nitaota. Watu wanasema huota, wanasikia sauti. Mimi nalala kama gogo, kaka. Nalala vizuri kuliko miaka yote ya ndoa yangu. Hilo ndilo linanitisha.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Msalimu mama, msalimu mama mdogo, mwambie asikupe mapindo ya mapazia yake yote mara moja. Jicho la kushoto limegoma kabisa. La kulia linatosha, usilie. Hasira ya wewe kukataa maneno yangu nilikuwa nayo kwa siku kadhaa, sasa imepita.

Kuhusu kulala, nilitaka nisikujibu. Mwalimu ameniambia nijibu.

Mimi pia nililala vizuri. Mwaka mzima wa kwanza humu ndani, kwenye sakafu, katikati ya watu wanaokoroma, nililala kama mtoto aliyeshiba. Nilijiambia ni kwa sababu nilikuwa na haki. Hamkuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kusema. Ilianza baadaye, siku ya kawaida tu, napiga randa. Nilisikia taya lake likivunjika.

Itakuja, mdogo wangu. Sijui lini. Utakuwa unashona, au unampimia mtu bega. Ikija usiinyamazie, na usimfiche mama. Yeye alikuwepo, mkono wake ulishika bomba hilo hilo. Mwite akae karibu. Kisha uniandikie siku hiyo hiyo, hata kama ni mstari mmoja, hata kama mwandiko unapanda mlima. Nitakujibu.

Kaka yako